Uzi: Mwenzi wako akipangiwa kituo cha kijeshi Guam, familia huishije huko?

Mama wa Apra (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kujiunga na jeshi hata kabla hajawa raia, na baadhi ya vijana wetu wa Afrika Mashariki wameipitia njia hiyo. Ndiyo maana kila baada ya muda hujitokeza mtu humu akiuliza: mwenzi wangu amepata uhamisho wa kwenda Guam, je, niende naye pamoja na watoto au nibaki? Wapo wanaompongeza kwamba anakwenda kula likizo ya kulipwa, na wapo wanaomtisha kwa makombora ya Korea Kaskazini. Mimi ni mke wa mwanamaji, ninaishi huku na watoto, na naona makundi yote mawili yanalikwepa jambo lenyewe, yaani umbali. Ukishauelewa umbali wa kisiwa hiki, na namna unavyoingia jikoni, hospitalini, kwenye simu na hata kwenye ndoa, mengine yote utayapanga mwenyewe.

Guam, kisiwa cha Marekani kilicho magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 540, karibu theluthi moja ya Unguja, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 153,836. Hispania iliikabidhi kwa Marekani mwaka 1898, Wajapani waliivamia Desemba 1941 wakaikalia hadi 1944, na mwaka 1950 wenyeji wake, Wachamorro, walipewa uraia wa Marekani. Honolulu tu iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, na ukifika Honolulu bado hujafika Marekani bara. Jeshi la majini liko upande wa magharibi kwenye bandari ya Apra, jeshi la anga liko kaskazini katika kambi ya Andersen, na tangu 2020 kuna kambi mpya ya askari wa Marine iitwayo Camp Blaz, inayopokea askari wanaohamishwa kutoka Okinawa, Japani. Askari wa kwanza 100 wa mpango huo walihamishwa Desemba 2024, kwa hiyo tarajieni maswali ya namna hii kuongezeka.

Kabla ya kupanga chochote, hakikisheni kwamba barua ya uhamisho inaitaja familia. Mwenzi wako anaweza kupangiwa kituo bila wewe kutambuliwa, na ukijilipia nauli ukamfuata utakuwa mgeni wake tu, kwa maana kwamba nyumba ya kambini na posho zinazohesabiwa kwa familia hazitakuhusu. Ili mtambuliwe, kila mmoja wenu, hata mtoto mchanga, hupitia uchunguzi wa kiafya na wa mahitaji maalumu. Watu huuona uchunguzi huo kama usumbufu wa makaratasi, lakini una sababu ya msingi. Hospitali ya jeshi la majini iliyoko Agana Heights ni nzuri na jengo lake lilifunguliwa 2014, ila haiwezi kuwa na daktari bingwa wa kila ugonjwa, na mgonjwa anayehitaji ubingwa usiokuwepo husafirishwa hadi Hawaii au mbali zaidi. Mtoto mwenye maradhi ya moyo yanayohitaji kuangaliwa mara kwa mara, au anayehitaji mtaalamu wa usemi kila wiki, anaweza kukataliwa kuja. Mkikataliwa msilichukulie kama uonevu. Heri kukataliwa mkiwa bado bara kuliko kufika huku mkaanza kuishi ndani ya ndege.

Kuhusu mizigo, jeshi litawasafirishia vyombo vya nyumbani kwa meli na gari moja kwa kila mwanajeshi, pamoja na shehena ndogo inayotangulia kwa ndege. Shehena ya meli huchukua miezi, na katika muda huo mtaishi kwenye nyumba ya wageni ya kambi mkilipwa posho ya malazi ya muda. Hiyo shehena ndogo ndiyo ya kufikiriwa sana. Sisi tuliweka humo sufuria mbili, chandarua cha mtoto, mwiko, shuka na vitabu vya shule, na ndivyo tulivyoishi navyo wakati makochi yakiwa bado baharini. Msitupie humo nguo za baridi, kwa sababu joto la huku huelea kwenye nyuzi 30 mwaka mzima, tofauti ikiwa tu kwamba kuanzia Julai hadi Novemba mvua huzidi.

Mwenye mbwa au paka aanze maandalizi miezi mingi kabla. Guam haina kichaa cha mbwa, na mamlaka ya kisiwa huilinda hali hiyo kwa ukali. Mnyama asiyekamilisha chanjo na kipimo cha damu anaweza kuwekwa karantini hadi siku 120 kwa gharama yenu.

Kwenye nyumba, adui ni unyevu. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa zege tupu, kuta na paa bapa, kwa ajili ya tufani, na zege hilo hushika unyevu usiotoka. Niliwahi kufungua kabati la chini nikakuta viatu vya ngozi vya baba watoto, vile vya sare rasmi, vimeota kuvu la kijani lenye manyoya hadi ndani ya kisigino, ilhali havikuwa vimekaa humo muda mrefu. Tangu hapo kabati lina taa inayowaka usiku na mchana, chumbani kuna mashine ya kukausha hewa ambayo ndoo yake humwagwa kila asubuhi, na picha za harusi zimefungwa kwenye makasha yasiyopitisha hewa. Chuma nacho huliwa na chumvi ya bahari. Magari machakavu yaliyotoboka kwa kutu, ambayo wanajeshi huuziana kwa bei ya kutupa kila mmoja anapohama, hapa huitwa "bomu la Guam", na kusema kweli gari la namna hiyo linafaa zaidi kuliko kuleta gari jipya lije kuozea huku. Mwendeshe polepole pia, kwani lami ya kisiwa imechanganywa kokoto za matumbawe, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Chakula hakikosekani, ila hakina uhakika. Ndani ya kambi kuna duka la vyakula la jeshi linalouza karibu na bei ya kununulia na kuongeza asilimia 5 ya kuendeshea maduka hayo, na vitu vyake vingi huja kwa meli. Meli ikichelewa, rafu ya maziwa huwa tupu, na mboga za majani zilizovuka bahari yote hiyo hufika zikiwa zimekwisha kuchoka. Mtu aliyekulia pwani ya kwetu ana nafuu hapo, kwa sababu nje ya kambi, kwenye soko la asubuhi la Dededo mwishoni mwa wiki, kuna mihogo, nazi, ndizi za kupika, bilinganya, samaki wabichi na mashelisheli makubwa, vitu ambavyo majirani zangu wengi kutoka bara hawajui wavianzie wapi. Unga wa ugali ndio huagizwa, na maduka mengi ya mtandaoni hukataa kuleta mzigo Guam, ingawa posta hutoza kama ya ndani ya Marekani. Ulizeni mapema ni lipi linaloleta.

Halafu kuna saa. Guam iko saa saba mbele ya Afrika Mashariki na saa 14 au 15 mbele ya Washington, kutegemea majira ya huko. Ofisi za bara zinapofunguliwa saa mbili asubuhi, huku ni saa nne au saa tano usiku. Jumatatu yetu kwao ni Jumapili, na Ijumaa yao kwetu inaishia Jumamosi. Nilikuwa na suala la malipo na ofisi moja ya huko bara ambalo lingemalizika kwa simu ya dakika kumi, lakini lilivuta majuma kwa sababu kila nilipojibiwa barua pepe nilikuwa nimelala, na kila nilipojibu mimi, wao ndio waliokuwa wamelala. Nyumbani kwetu mambo ni mepesi zaidi. Nikimaliza kuosha vyombo saa mbili usiku, Dar es Salaam ni saa saba mchana, mama yangu yuko macho na ana nafasi ya kuzungumza, na hivyo kwa saa tuko karibu na Dar kuliko Washington.

Nimeyaeleza niliyoyaona muhimu kutangulia. Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Bado Nipo Norfolk

Dada, asante kwa uzi huu. Mume wangu amepata barua yake na familia imetajwa, kwa hiyo hatua hiyo tumeivuka. Nina maswali matatu. La kwanza, shule za watoto zikoje? La pili, mimi ni mhasibu, je, nitapata kazi? La tatu ndilo linaloninyima usingizi: nina ujauzito, nitajifungulia huko, na desturi yetu mama ndiye anayekuja kumlea mzazi. Mama yuko Moshi. Atafikaje? Halafu mimi bado nina kadi ya ukaazi tu, sijaomba uraia. Je, miaka ya Guam itanipotezea muda wangu?

Mama wa Apra

Mdogo wangu, hongera kwa ujauzito. Naanza na la mwisho kwa kuwa lina jibu zuri. Katika sheria ya uhamiaji Guam imo ndani ya Marekani, kwa hiyo siku utakazokaa huku zinahesabiwa sawa na za huko Virginia unakoishi sasa, na kuna ofisi ya uhamiaji hapa hapa kisiwani. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto wako atazaliwa raia.

Sasa mama. Yeye anahitaji viza ya Marekani kama anayekwenda New York. Ule msamaha wa viza wa kuingilia Guam upo kwa raia wa nchi chache, na Tanzania haimo. Baada ya viza kuna njia. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia Manila, Tokyo au Seoul, au huzunguka kupitia Honolulu, na kila mji wa kubadilishia ndege una masharti yake ya kupita. Mama wa umri mkubwa asiyejua Kiingereza apewe karatasi iliyoandikwa majina ya viwanja vyote, namba za ndege na namba ya simu yako, na iwapo yupo ndugu wa kumsindikiza hadi kituo cha mwisho cha kubadilishia, itakuwa vema zaidi. Ombeni miadi ya viza sasa. Msisubiri mfike. Ikishindikana kabisa, usidhani utakuwa peke yako. Wake wa kikosi hujipanga zamu za kupika kwa mzazi, na ingawa hakuna atakayekukanda kwa maji ya moto kama anavyojua mama, chakula kitafika mlangoni.

Shule ni za Wizara ya Ulinzi, zilifunguliwa huku mwaka 1997, na ziko ndani au karibu na kambi, pamoja na sekondari moja inayohudumia watoto wa vikosi vyote. Walimu wamezoea wanafunzi wanaokuja na kuondoka katikati ya muhula. Kinachoumiza ni urafiki. Mwanangu wa kati huagana na rafiki kila majira ya joto, kwa kuwa hapo ndipo uhamisho mwingi hufanyika, na amefikia hatua ya kumuuliza mtoto mpya, kabla hata ya jina lake, kwamba baba yake atahama lini. Sikupenda kulisikia swali lile, lakini siwezi kumlaumu.

Kazi kwa mhasibu zipo, hasa za serikali kuu ndani ya kambi, ambako wenzi wa wanajeshi hupewa upendeleo wa kisheria katika kuajiriwa. Kama mwajiri wako wa sasa anakuruhusu kufanya kazi kwa mtandao, mwulize kwa maandishi kama anaruhusiwa kumlipa mfanyakazi aliyeko Guam, kwa sababu wengine mfumo wao wa kodi unaishia majimbo 50. Kikwazo kikubwa kitakuwa malezi. Foleni ya kituo cha kulelea watoto wachanga kambini ni ndefu, hivyo jiandikishe mara tu mkishapata tarehe, hata kabla mtoto hajazaliwa.

Nimetoka Deki

Wakuu, niliwahi kuhudumu Apra katika jeshi la majini, sasa nimestaafu. Shemeji ameandika vizuri, lakini jambo kubwa la kisiwa kile kalitaja kwa mkato kwenye habari ya zege. Naomba nilijazie.

Guam iko katika njia ya tufani. Pongsona iliipiga Desemba 2002, na Mawar ikapita tarehe 24 Mei 2023 ikiwa ya daraja la nne, ikang'oa miti, ikapindua magari, na vijiji kadhaa vikakaa majuma bila umeme wala maji ya bomba. Kisiwa kizima huishi kwa ngazi za tahadhari zilizo na namba. Namba 4 ndiyo hali ya kawaida mwaka mzima. Namba 3 maana yake upepo wa kuharibu unatarajiwa ndani ya saa 48, namba 2 ni ndani ya saa 24, na namba 1 ni ndani ya saa 12, wakati ambao kila mtu anatakiwa awe amejifungia.

Sasa lisilosemwa kwenye vitabu vya kuwakaribisha wageni ni hili: tufani inapokuja, meli haikai bandarini. Chombo kilichofungwa gatini hupigizwa ukuta hadi kikapasuka, kwa hiyo manowari hutolewa baharini kuikwepa dhoruba, na kabla ya Mawar zilitolewa vivyo hivyo. Maana yake kwa familia ni kwamba siku ile ile ambayo mke angehitaji mtu wa kufunga vibao vya madirisha, mume anaaga. Nakumbuka nikimwachia mke wangu orodha jikoni huku nimeshavaa sare: jaza beseni la kuogea maji ya kusukumia choo, gandisha chupa za maji zijaze friza ili ikae baridi umeme ukikatika, toa fedha taslimu kwa kuwa mashine za benki hazitafanya kazi, jaza gari mafuta, ingiza mapipa ya taka ndani kabla hayajawa makombora. Nilipofika langoni alinipigia kuniuliza ufunguo wa kufungia mtungi wa gesi uko wapi. Ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimrushia kupitia kwa jirani wa jeshi la anga ambaye yeye ndege zao ndizo zilikuwa zinaondolewa, naye akabaki.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa dada wa Norfolk ni kwamba asimwachie mume kazi yoyote ya dharura. Kila kitu cha kufunga madirisha na mitungi ajue kukifanya yeye, akiwa na ujauzito ampate jirani atakayekifanya, na vifaa viwe na mahali maalumu. Wenzi wa wanaohudumu kwenye nyambizi wanalijua hili hata bila tufani, kwa sababu nyambizi ikishazama hakuna simu, barua pepe huja kwa mafungu au haziji, na tarehe ya kurudi haiandikwi popote. Nayo isiandikwe hata kwenye mitandao ya kijamii. Wapo watu makini kabisa ambao hutangaza safari ya meli nzima kwa kubandika picha ya keki ya kumkaribisha baba.

Msomaji Makini

Naufuatilia uzi, na sikusudii kumvunja mtu moyo, lakini naona mazungumzo yote yanazunguka ndani ya uzio. Jeshi la Marekani linashikilia zaidi ya robo ya ardhi ya kisiwa hicho, na sehemu yake ilichukuliwa kutoka kwa familia za Kichamorro baada ya vita. Hadi leo kuna malalamiko kuhusu uwanja wa kulengea shabaha uliojengwa kaskazini karibu na Litekyan, mahali penye makaburi na mabaki ya kale ya mababu zao. Je, familia ya mwanajeshi, hasa yenye asili ya Afrika iliyoonja ukoloni, inaishije na jambo hilo? Au mnanunua mashelisheli Dededo na kurudi kambini?

Mama wa Apra

Mkuu, swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa kujitetea.

Kuna jambo moja ambalo hulielewi vema mpaka uishi huku. Mimi, mume wangu na jirani yetu wa Texas tunapiga kura ya rais wa Marekani kutoka Guam, au tuseme wao wanapiga na mimi nitapiga nikishaapishwa, kwa kuwa mwanajeshi huhesabiwa mkaazi wa jimbo alilotoka na hutumiwa karatasi ya kura kwa posta. Mwalimu wa kwaya ya parokia tunakosali, Mchamorro aliyezaliwa hapa, raia wa Marekani tangu tumboni, na mkongwe wa jeshi hilo hilo, hapigi kura hiyo kwa sababu anaishi kwao. Mbunge wa Guam huko Washington anaweza kusema bungeni lakini hapigi kura ya mwisho ya kupitisha sheria. Na kisiwa hiki, kwa uwiano wa watu wake, ni miongoni mwa sehemu zinazotoa wanajeshi wengi kabisa chini ya bendera ya Marekani. Kwa hiyo usidhani kwamba uzio unatenganisha wanajeshi na wenyeji kama mafuta na maji. Nyumba moja inaweza kuwa na mjomba anayedai ardhi ya babu yake kutoka kwa jeshi, na mpwa wake aliyeko zamu langoni.

Sisi tuliohamishiwa tunaishije na hilo? Wengi hawaishi nalo, kwa maana kwamba hawalijui. Kambini kuna nyumba, shule, duka, sinema na ufukwe wake, Gab Gab kwa wa majini na Tarague kwa wa anga, na mtu anaweza kumaliza miaka yake bila kuingia nyumba ya Mchamorro hata mara moja, kisha akalalamika kwamba kisiwa kinachosha. Mimi nimeona kwamba anayetoka hukaribishwa. Kila kijiji kina sikukuu ya mtakatifu wake, meza huwekwa nje, na mpita njia huitwa ale. Utakula wali mwekundu uliopikwa kwa mbegu za achioti, na kuku aliyekatwakatwa akakolezwa ndimu, pilipili na nazi ya kukuna. Vijana huinama na kuugusisha pua mkono wa mzee kwa heshima, na wanangu, waliofundishwa kuwaamkia wakubwa, walilishika hilo siku ya kwanza bila kusukumwa. Bibi mmoja wa kijijini alicheka sana akasema watoto wa kambini hawana kawaida hiyo.

Hata hivyo sijidanganyi kwamba kula wali wa mtu kunamrudishia shamba lake. Ninapoalikwa na mazungumzo yakafika kwenye ardhi, nasikiliza. Agosti 2017 Korea Kaskazini ilipotishia kurusha makombora kuelekea bahari ya Guam, idara ya ulinzi wa raia ya kisiwa ilitoa karatasi ya maelekezo iliyowaambia watu, pamoja na mengine, wasiutazame mwanga wa mlipuko. Sisi tukitishwa hivyo, jeshi lina mipango ya kuhamisha familia zake. Wachamorro watahamishiwa wapi? Mwenyeji aliyeniuliza hivyo hakuwa na hasira, na sikuwa na jibu la kumpa.

Bado Nipo Norfolk

Nimesoma yote, na nimeanza kutafuta miadi ya viza ya mama. Swali la mwisho, msinicheke: nasikia kuna nyoka.

Mama wa Apra

Wapo, ila si wa kukunyima usingizi. Nyoka wa kahawia wa mitini aliingia na shehena za kijeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akakuta ndege wa msituni wasiomjua adui wa aina hiyo, na kati ya aina 12 za ndege wa msituni wa asili amemaliza 10 huku kisiwani. Ndiyo maana ukiingia msitu wa Guam asubuhi husikii ndege, na utando wa buibui umetanda kila njia, kwa kuwa waliokuwa wakiwala buibui hawapo. Ana sumu dhaifu isiyomdhuru mtu mzima, lakini mtoto mchanga awekewe chandarua kilichochomekwa vizuri, kwani nyoka huyu hutembea usiku na hupenya matundu madogo. Akipanda kwenye nyaya za umeme huzima mtaa mzima, na hapo utaufurahia ule ushauri wa kugandisha chupa za maji. Ndege za jeshi zimewahi kumwaga panya waliokufa, kila mmoja amewekwa kidonge cha miligramu 80 za dawa ile ile ya kutuliza maumivu tunayowapa watoto wakiwa na homa, kwa sababu kiasi hicho humuua nyoka huyo.

Utakutana naye zaidi siku ya kuondoka. Wafungaji mizigo wanapomaliza kazi, huja mkaguzi na mbwa mdogo aliyefundishwa, anazungushwa kwenye kila kasha na kila samani, ili nyoka asisafiri nanyi hadi Hawaii. Msifunge kontena kabla mbwa hajapita, maana mtalifungua upya kwa gharama ya muda wenu. Na jirani yangu mmoja anaondoka mwezi ujao na anauza kitanda cha mtoto pamoja na mashine ya kukausha hewa. Nikujibie kwamba umevichukua?